Viza ya Ujerumani kwa mtandao: jawabu langu kwa wenzangu wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tangu mliposikia kuwa maombi ya viza ya kazi ya Ujerumani sasa hupelekwa kwa mtandao, suala ni moja tu: "Basi wewe uliyeko huko si utujazie?" Nawajibu nyote kwa pamoja, na nawaambia kweli.

Habari ni sahihi. Tangu Januari 2025 balozi za Ujerumani zinapokea kwa mtandao maombi ya viza za muda mrefu: kazi, masomo, mafunzo ya ufundi, kuifuata familia. Unafungua akaunti, unajibu masuala, unapakia vyeti. Kikipungua kitu unaambiwa ungali nyumbani. Kwa sisi wa Pemba hiyo ni nafuu kubwa. Zamani mtu hutoka Mkoani kwa boti mpaka Unguja, tena Dar es Salaam, akafika ubalozini kuambiwa cheti kimoja hakina tafsiri. Nauli imekwenda, na kulala Dar nako ni pesa. Sasa imebaki safari ya miadi tu: alama za vidole, vyeti asili, na ada ya yuro 75.

Lakini kilichobadilika ni njia ya kufikisha karatasi. Masharti hayajapungua. Muuguzi bado anatakiwa Kijerumani, na ili asajiliwe kuwa muuguzi kamili kwa kawaida hutakiwa kufika kiwango cha B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita za lugha. Diploma yake hulinganishwa na ya huku, na mara nyingi huonekana ina upungufu, kwa hiyo huanza kwa kazi ya msaidizi huku akisoma. Mie nimeipita njia hiyo. Kuwaogesha wazee kwa mshahara wa msaidizi, na diploma yako umeipata kwa jasho, kunauma, wala sitawaficha. Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa msaidizi kwenye kazi hii kiliwekwa kuwa yuro 16.10 kwa saa, na cha muuguzi kamili 20.50. Hapo kodi na bima hazijakatwa, na nyumba hujalipa.

Jengine ni majina. Kwetu cheti cha kuzaliwa husema Khamis, cha skuli Hamisi, na pasipoti ina jina la babu ambalo vyeti vyengine havina. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Anayesoma faili kwenye kompyuta hamjui babu yako, anaona watu wawili. Tengenezeni hayo hapo hapo Pemba kabla hamjagusa fomu.

Na sasa hawa wanaojiita mawakala. Wananitia hofu kuliko ubalozi. Anakufungulia akaunti kwa barua pepe yake, nywila anayo yeye, kila ujumbe unafika kwake. Ukiitwa kwenye miadi, hujui. Ukikataliwa, anakwambia "bado wanashughulikia" na anadai pesa nyengine. Akitia mkataba wa uongo, jina lililoandikwa ni lako. Tena siku hizi kukataliwa ni kuzito zaidi: zamani uliweza kuuandikia ubalozi uangalie upya bila ya malipo, lakini tangu Julai 2025 utaratibu huo umeondolewa. Imebaki kuomba upya na kulipa tena, au kwenda mahakamani Berlin. Nani kwetu ana pesa ya wakili wa Berlin?

Kwa hiyo sitamjazia mtu, hata mtoto wa mama yangu. Akaunti iwe yako, barua pepe yako, nywila usimpe yeyote, hata mimi. Ila fomu iko kwa Kijerumani na Kiingereza, na najua masuala yake yanavyotatiza. Mwenye mkataba wa ajira mkononi anipigie Jumapili baada ya Alasiri, afungue fomu mwenyewe, nami nitamfasiria suala baada ya suala mpaka tumalize. Asiye na mkataba aanze na lugha, maana huko ndiko miezi mingi inakokwenda.