Daktari akikuandikia mazoezi, mdai na dozi yake

Msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nina presha na kazi yangu ni ya kukaa. Kila nikienda kliniki naambiwa nifanye mazoezi. Naanza, naishia njiani. Ni uvivu wangu?"

Nimeisoma meseji hiyo koo likanikaba, maana hilo neno uvivu nimelibeba miaka mingi.

Nami nilikuwa mtu wa kiti. Mchana kiti cha ofisini, jioni kochi. Presha ilipopanda, daktari aliniambia, "Punguza uzito, fanya mazoezi," akageukia kompyuta yake. Hakuuliza goti langu la kulia likoje, wala kama kuna zoezi lolote ninalolipenda. Kila niliporudi aliuliza kama nimefanya. Nikisema hapana, anatikisa kichwa. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma. Vidonge alinipa na maelezo kamili: kimoja, asubuhi, kila siku. Mazoezi aliyaacha yananing'inia hewani, halafu lawama zikawa zangu.

Daktari mwingine ndiye aliyenipeleka fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Mama niliyemkuta huko hakunihutubia. Alikiegemeza kiti ukutani, akaniambia nikunje mikono kifuani, nisimame na kukaa mara nyingi niwezavyo kwa sekunde 30. Yeye kashika saa. Kabla muda haujaisha mapaja yakaanza kutetemeka. Akaandika idadi kwenye faili, akalikunja na kulikunjua goti langu taratibu, kisha tukatembea koridoni huku akinidadisi habari za watoto. Kumbe maswali yale yalikuwa kipimo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo wako ni wa wastani.

Niliondoka na karatasi. Aina ya zoezi, siku, dakika, na nguvu ya kutumia. Nguvu aliiandika kwa kipimo cha Gunnar Borg wa Sweden, kinachoanzia 6, umetulia tu, hadi 20, umetumia nguvu zako zote. Mimi nibaki 12 au 13, pale unapohema lakini hujazidiwa. Kwa mara ya kwanza nilijua nikiamka kesho nifanye nini, na niishie wapi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Ni lengo zuri. Lakini ukimtupia namba hiyo mtu anayepanda ngazi kwa kuvuta ukingo, umemvunja moyo. Mimi nilianza na dakika 10, na mwongozo huohuo unasema kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa.

Kilichonishikilia hasa ni simu za yule mama wa fiziotherapia. Goti lilipovimba, mimi peke yangu ningeacha kila kitu. Yeye alipunguza mwendo, akaongeza mazoezi ya paja ili misuli ilibebe goti, akanifundisha kutofautisha uchovu wa misuli na maumivu ya kiungo. Misuli kuuma siku moja mbili baada ya zoezi jipya ni kawaida. Kiungo kuvimba au kuchoma, hiyo mwambie mtaalamu.

Miezi iliyofuata sina la kusimulia, ni kutembea tu. Leo presha imetulia, daktari amepunguza vidonge, na ghorofa ya nne naipanda kwa miguu nikiwa naongea na simu. Najivunia, na sioni haya kulisema.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usikubali kuitwa mvivu. Takwimu za 2022 zinaonyesha karibu theluthi moja ya watu wazima duniani, takribani bilioni 1.8, hawafikii kiwango cha chini cha mazoezi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watu wote hao utawaambia wakaze moyo tu? New Zealand ilianza mwaka 1998 kuwaandikia wagonjwa mazoezi kwenye cheti na kuwapa mtu wa kuwafuatilia. Sweden nako mazoezi huandikwa kwenye cheti kama dawa. Ushauri wa mdomo haumtoshi mtu aliyekaa miaka kumi, na anayeutoa anapaswa kulijua hilo.

Ukirudi kliniki, omba upelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mwambie ukweli kuhusu viungo vyako, dawa unazotumia na saa unazokaa. Usitoke bila karatasi yenye siku, dakika na nguvu, wala bila tarehe ya kuonana tena. Tarehe hiyo usiiache hata kama hukufanya lolote. Nenda hivyohivyo, useme kilichokushinda, karatasi iandikwe upya. Na ukiwa mazoezini kifua kikibana, kizunguzungu kikikushika au pumzi ikakata ghafla, simama hapohapo utafute daktari siku hiyohiyo. Kifua kisipoachia ukishapumzika, ni dharura, usisubiri.