Mzee yuko kwenye kemo, choo hakipati na moyo nao una shida kidogo: jibu langu

Pole ndugu uliyeuliza kuhusu mzee wako wa huko Lindi. Mimi niko Mtwara, kemo, yaani dawa za saratani, nilipigiwa Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, huku moyo umetanuka kidogo na presha juu, kwa hiyo hili la choo nalijua. Watu wanakupa pole ya nywele kunyonyoka kumbe wewe kinachokutesa ni tumbo.

Angalieni dawa zake kwanza. Ile ya kuzuia kutapika, ondansetroni, inafunga choo, na morfini ya maji, ile ya maumivu makali, ndo balaa zaidi, maana usingizi na kichefuchefu mwili unavizoea ila choo hakirudi chenyewe, so dawa ya choo inatakiwa ianze pamoja na morfini, sio msubiri mpaka akwame. Kama hajaandikiwa, ulizeni. Mi niliandikiwa bisakodili za usiku na laktulosi.

Sasa moyo. Kila mtu atawaambia mzee anywe maji mengi, jamani sio kila moyo unabeba hayo, kama miguu inavimba au yuko kwenye dawa za kukojoza, daktari ndo amtajie kiasi cha kutwa, na uji, chai, juisi ya ukwaju vyote vinahesabiwa humohumo. Chumvi ya haluli ya dukani msimpe kienyeji, na akiharisha sana madini ya potasiamu yanashuka, mapigo yanaanza kwenda ovyo. Asijikamue chooni pia, presha inapanda na kushuka ghafla mtu anaanguka humo. Choo cha kukaa, kigoda chini ya miguu, aende baada ya chai ya asubuhi maana tumbo linaamka muda huo.

Ugali wa muhogo sikuacha (nani ataacha huku kwetu?) ila nilipunguza tonge nikaongeza mchicha na papai. Pumba nyingi kwa mtu wa morfini anayekunywa maji kidogo hapana, zinaziba.

Safari ya Dar nayo, wengi hawanywi kitu kabisa wakiogopa basi halisimami, mwambieni kondakta mapema kuwa kuna mgonjwa.

Dawa za kuweka njia ya haja kubwa mpaka daktari aseme, kemo inashusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, kamchubuko kadogo tu ni maambukizi. Na tumbo likijaa, anatapika, hata ushuzi hautoki, msimpe dawa yoyote ya choo, hospitali usiku huohuo.

Yuko kwenye morfini au kemo tu? Na za moyo anameza zipi? Maana verapamili nayo inafunga choo.