Nalongo ni Longe 5: kabla hujatengeneza orodha ya kuchagua

Msimu wangu wa kwanza kwenye ghala la nafaka hapa Bweyale, Uganda, bosi aliniuliza swali dogo: ni wakulima wangapi waliopanda Longe 5? Kesho yake alikuwa anaagiza mbegu za mahindi za mvua za Machi. Nikafungua hifadhidata niliyoitengeneza kwa mikono yangu, nikachuja safu ya mbegu, nikampa jibu: 212. Akaagiza kwa hesabu hiyo. Mbegu ziliisha kabla hata foleni haijafika mlangoni, na waliokosa wakaja dirishani kwangu, si kwake.

Kosa lilikuwa langu. Sehemu ya mbegu niliiacha wazi, kila karani achape anavyosikia. Nilipokaa kuisoma safu ile mstari kwa mstari nikakuta "Longe 5", "longe5", "Longe V", "Ronge 5", "L5", na ile iliyonimaliza kabisa: "Nalongo". Kwa Kiganda Nalongo ni mama wa mapacha, na wakulima wengi ndivyo wanavyoiita Longe 5. Watu zaidi ya mia moja walikuwa wamejificha chini ya jina hilo peke yake. Nikamuuliza binti aliyekuwa akiingiza data. Hakuinua hata macho: "Kaka, mimi nimeandika alivyosema mzee."

Sikuwa na la kumjibu. Hakuna aliyemwambia kwamba mzee na kompyuta wanaongea lugha mbili.

Tangu siku hiyo nimetengeneza orodha za kuchagua kwa ghala hili, kwa kikundi cha kuweka na kukopa, na kwa duka moja la dawa za mifugo. Natumia Microsoft Access, kwa hiyo nitaongea kwa Access, lakini karibu kila programu ya hifadhidata ina kitu kama hicho: unabofya kisanduku, orodha inashuka, unachagua badala ya kuchapa.

Kwanza kabisa, orodha haianzii kwenye kompyuta. Inaanzia kwenye mzani. Siku hizi nachukua daftari, nakaa karibu na mpimaji siku mbili tatu, naandika kila neno linalotoka kinywani mwa mkulima. Bosi naye atakuletea orodha yake, safi, imepangwa kwa alfabeti. Ipokee kwa adabu, kisha urudi kwenye daftari lako. Orodha ya bosi ilikuwa na "maharage" tu. Daftari langu lilikuwa na Nambale, Kanyebwa na "yale ya njano", na kila moja lina bei yake.

Ukishapata maneno, yape jedwali lake. Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea pia. Access inakuruhusu kuchapa machaguo palepale ndani ya sehemu yenyewe, na ni rahisi kweli, lakini siku mbegu ikibadilishwa jina utazunguka fomu moja baada ya nyingine ukirekebisha. Tengeneza jedwali la mbegu lenye nambari na jina. Jedwali la mapokezi, lile la nafaka zinazoletwa ghalani, lihifadhi nambari, na fomu imwonyeshe karani jina. Tahajia ikikosewa unairekebisha mara moja, mahali pamoja, na rekodi zote za nyuma zinanyooka. Halafu unganisha majedwali hayo mawili na uiagize Access ilinde uhusiano huo, ili mtu asiweze kufuta mbegu ambayo tayari ina rekodi.

Na Nalongo je? Nilijaribu kwanza kuandika "Longe 5 / Nalongo" kwenye mstari mmoja. Haikusaidia. Karani anachapa N, a, l, na kisanduku kinatafuta kwa herufi za mwanzo, kwa hiyo hakioni kitu. Sasa Nalongo ina mstari wake, na jedwali lina safu ya tatu inayosema jina rasmi ni Longe 5. Karani achague alichosikia. Ripoti isome safu ya tatu. Hakuna anayelazimika kumsahihisha mzee wa watu mbele ya foleni.

Kwenye sifa za kisanduku kuna kipengele kinaitwa "Limit To List". Kiwashe. Kikiwa kimezimwa, kisanduku kinaweza kukubali hata neno lisilokuwamo kwenye orodha, na utakuwa umerudi kulekule kwenye "Ronge 5".

Wilaya zilinifundisha jambo jingine. Bweyale iko Kiryandongo, lakini Kiryandongo ilimegwa kutoka Masindi mwaka 2010, na wapo wazee ambao hadi leo ukiwauliza wilaya wanakujibu Masindi. Hawadanganyi, ndiyo wilaya waliyokulia. Kwa hiyo siulizi wilaya kwanza. Nauliza kijiji, ambacho hakuna anayekikosea, na jedwali la vijiji ndilo linalojua muluka (kama kata), gombolola (kama tarafa) na wilaya. Nchi hii wilaya mpya zimezaliwa mara nyingi, na mwaka 2020 miji kama Gulu, Arua na Hoima ikapewa hadhi ya jiji. Ukihifadhi wilaya kama maandishi kwenye kila rekodi, kila Bunge likipitisha mabadiliko wewe ndiye utakayekesha.

Sasa mtego uliowahi kuninyima usingizi. Kuna mbegu tuliyoacha kuiuza. Sikutaka kuifuta kwa sababu ina historia, nikaongeza safu ya "inatumika" yenye ndiyo au hapana, kisha nikaiagiza orodha ionyeshe zile za ndiyo tu. Safi sana. Asubuhi yake karani akaja mbio: rekodi za mwaka uliopita hazina mbegu! Data ilikuwepo. Kisanduku kilikuwa na nambari, lakini jina la nambari hiyo halikuwemo tena kwenye orodha, kwa hiyo kikaonekana kitupu. Dawa yake: usizichuje zilizostaafu, zipange mwisho. Orodha ioneshe zinazotumika juu na za zamani chini kabisa, zikiwa na neno "zamani" mbele ya jina.

Usiweke jibu tayari kwenye kisanduku. Niliwahi kuweka "pesa taslimu" kwenye njia ya malipo ili kumpunguzia karani kazi, na mwisho wa mwezi karibu kila mtu alionekana amelipwa mkononi, hata wale niliokuwa nimewatumia kwa simu mimi mwenyewe. Kisanduku kianze kitupu, na programu ikatae kuhifadhi mpaka kichaguliwe.

Kwa wanaotumia Excel kwa sababu Access hawana: nenda menyu ya Data, kisha Data Validation, chagua List. Inatosha kwa kazi ndogo. Ila ukichapa machaguo moja kwa moja kwenye kile kidirisha, mwisho ni herufi 255, kwa hiyo yaweke kwenye karatasi nyingine ya faili hilohilo. Na jihadhari na kunakili na kubandika. Mtu akibandika seli kutoka kwingine juu ya seli yako, ulinzi unaondoka kimyakimya. Pia yaliyochapwa kabla ya kuweka orodha hayakaguliwi yenyewe. Bofya "Circle Invalid Data" uone duara nyekundu zitakavyojaa.

Limebaki "Nyingine". Bila hilo karani atachagua chochote kilicho karibu ili foleni isogee, na uongo wa aina hiyo hauonekani kwenye ripoti. Kwa hiyo nimeliweka mwisho wa orodha, na ukilichagua linafungua kisanduku cha kuandika. Kila Ijumaa jioni nafungua "Nyingine" zote za wiki. Neno likijitokeza mara tatu linapandishwa kwenye orodha. Ijumaa iliyopita nilikuta moja tu, imeandikwa na binti yuleyule: "mbegu ya shemeji, hana jina". Nimeiacha hivyohivyo mpaka shemeji apatikane.