Kinyama cha pili cha nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu, miaka 41, anatokwa damu kila akikutana na mumewe. Kipimo cha siki kilikuwa salama, cha Pap nacho salama. Lakini daktari alipompapasa akakuta mlango wa kizazi mnene na mgumu. Kinyama kikakatwa, jibu: “Seli ndogo za mviringo, huenda limfoma, leteni kingine kikubwa.” Limfoma si ya mitoki ya shingoni? Si heri kizazi kitolewe yaishe? — Dada Mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba, dada. Kizazi kisiguswe kwanza.

Siki na Pap, vipimo vya kuchungulia saratani ya mlango wa kizazi, hukagua utando wa juu. Limfoma ni saratani ya chembe za limfu, askari wa kinga ya mwili. Ile ya mlango wa kizazi, ambayo ni nadra kweli, huota chini ya utando huo na mara nyingi huuacha mzima, ndiyo maana majibu yalikuja mazuri. Na chembe za limfu haziishi kwenye mitoki tu. Hata mlango wa kizazi unazo.

Aliyeomba kinyama kingine namuunga mkono. Tunaoshinda kwenye darubini tunaletewa kipande kama punje ya mchele, kimebanwa na koleo hadi seli zimepondeka, halafu tunaulizwa ni nini! Seli za namna hiyo zinaweza kuwa limfoma, saratani nyingine ya seli ndogo, au uvimbe wa maambukizi tu. Kuzitenganisha kunahitaji rangi maalumu: CD20 na CD3 hutambua chembe za limfu, keratini hutambua saratani ya utando. Kipande kikatwe kwa kina, kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, papo hapo. Prednisoloni, dawa ya steroidi, asianzishiwe kabla, labda hali iwe ya dharura, maana huyeyusha limfoma na jibu likapotea.

Ikithibitika, mara nyingi ni ya seli B kubwa (seli B ni aina ya chembe za limfu), na tiba yake kuu ni dripu za dawa za saratani. Wengi hawahitaji kutolewa kizazi. Kabla ya dripu atapimwa VVU, homa ya ini B (dawa mojawapo, rituximabu, huweza kuiamsha), na picha ya CT, pengine na uboho, kujua kama ugonjwa ulianzia kwingine.

Akipewa rufaa kwenda Dar es Salaam, ombeni maabara ya kwanza vioo vya darubini na bloku ya nta iliyohifadhi kile kinyama cha mwanzo. Karatasi ya majibu peke yake haitoshi.