Wasomaji Wauliza: Mbona hatua hubadilika nikipanda tredmili?

SWALI: Asalaam aleikum. Nafanya mazoezi kwenye jimu mbili. Ya Nyali ina tredmili, ile mashine ya kukimbilia papo hapo, ya umeme. Ya Tudor ina ile iliyopinda kama mtumbwi, isiyo na mota. Kioo kikionyesha kilomita 10 kwa saa kote kuwili, hii ya pili yanichosha mno, na kesho yake mashavu ya miguu yaniuma. Je, nakimbia vibaya?
*Msomaji, Kisauni*

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu. Hukimbii vibaya. Kwenye mashine ya umeme mota ndiyo inayouvuta mkanda, na kazi yako ni kutoachwa nyuma. Wengi hapo hufupisha hatua kidogo, huzikaza zikawa nyingi zaidi kwa dakika, na hukanyaga wayo ukiwa bapa kuliko barabarani. Tofauti yenyewe ni ndogo, na kila mtu ana yake.

Iliyopinda huendeshwa na miguu yako. Ukikanyaga mbele, penye mwinuko, uzito wako huuteremsha mkanda na kasi hupanda. Ukirudi katikati hupungua. Kila hatua unashindana pia na msuguano wa mkanda, ndiyo maana moyo hudunda zaidi kwa kasi ile ile. Mara nyingi mguu nao hutua kwa katikati au mbele ya wayo badala ya kisigino, na mzigo huhamia kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino. Maumivu yako yametoka hapo.

Basi usiilinganishe kwa namba za kioo. Kimbia kwa pumzi: uweze kutamka sentensi nzima bila kukatika. Anza na dakika 5 mara mbili kwa wiki, uongeze 2 kila wiki. Usitupe mguu mbele sana, mashine itakutoroka nawe utadaka vishikio. Na anayekimbia akiwa ameshika vishikio si mkimbiaji, ameegemea tu. Kano ya kisigino ikikaza asubuhi unaposhuka kitandani, iache mashine hiyo mpaka itulie.

SWALI: Shikamooni. Nina kilo 92, najiandaa kwa mbio za kilomita 21. Tredmili ya umeme ya jimu yetu huku Likoni hushtuka kila nikikanyaga. Fundi asema ni uzito wangu tu. Kweli?
*Msomaji, Likoni*

JIBU: Marahaba. Fundi ana nusu ya haki. Kila mguu unapotua huufunga mkanda breki kidogo, hata wa mtu mwepesi. Mota yenye nguvu huirudisha kasi mara moja. Iliyo dhaifu husita, kisha huvuta kwa pupa, na mguu wako unajikuta ukirekebisha hatua katikati ya hatua.

Ipimeni kasi ya mashine, wewe na fundi. Bandika utepe ukingoni mwa mkanda, upime urefu wa mzunguko mzima. Tuseme ni mita 3. Kwa kilomita 10 kwa saa, mizunguko 20, yaani mita 60, yapaswa kuchukua sekunde 21.6. Hesabuni mashine ikiwa tupu, kisha wewe ukiwa juu. Ikifika sekunde 24, unakimbia 9 huku kioo kikikuambia 10, na mpango wako wa mbio umeharibika.

Aangalie kwanza ubao ulio chini ya mkanda. Ukikauka, msuguano huongezeka na mota huchemka. Dawa yake ni mafuta ya silikoni, si ya kupikia wala grisi. Kisha mkanda uliolegea, halafu waya mwembamba wa ekstensheni unaopunguza umeme. Achomoe plagi kabla ya kugusa chochote. Vyote vikiwa sawa na bado inashtuka, mota ni ndogo; tafuta mashine nyingine.

SWALI: Je, lazima niinue tredmili asilimia 1?
*Msomaji, Bamburi*

JIBU: Si lazima. Mwinuko huo hufidia upepo ambao ndani haupo, na hufaa hasa kwa wanaokimbia kasi. Chini ya kilomita 10 kwa saa hutaona tofauti ya maana. Kwa unyevu wa Mombasa, kinachokuumiza zaidi ni jasho lisilokauka, hivyo weka feni mbele yako, ikuelekee kifuani.