Usiyasome matabaka ya magma kama mchanga wa mtoni

Mara ya kwanza kupewa kazi ya kuandika maelezo ya miamba iliyochorongwa, nilikuta kipande chenye mistari myeusi na myeupe iliyopangana vizuri. Nikaandika "mwamba mashapo", yaani uliotokana na mchanga au tope lililotulia. Mkuu wangu wa kazi hakugomba. Alikimwagia maji, akanipa lenzi, akasema, "Tazama tena, mdogo wangu. Chembe zake zimeviringika?"

Hazikuviringika. Zilikuwa fuwele zenye kingo kali, zimeshikana kama ukili wa mkeka, hakuna tope wala saruji ya asili katikati. Ulikuwa mwamba wa moto, uliotokana na magma (mwamba ulioyeyuka) iliyoganda.

Kosa lile nilitoka nalo darasani, ambako nilikariri kwamba miamba ya moto haina matabaka. Wewe unayeanza jiolojia, lifute hilo mapema. Lowesha mwamba kwanza, kwa sababu vumbi huficha kila kitu. Kisha tazama chembe kabla ya kutazama mistari. Mstari mweusi usiukisie kwa macho tu: ukwaruze kwenye mgongo wa kigae usiopakwa rangi. Kromaiti, madini meusi yenye kromiamu, huacha alama ya kahawia. Magnetaiti, madini meusi ya chuma, huacha nyeusi, na hunasa sumaku kwa nguvu. Halafu andika mpaka wa chini na mpaka wa juu wa kila tabaka, kila mmoja peke yake. Mara nyingi wa chini hukatika ghafla na wa juu hufifia taratibu, na hapo ndipo habari yenyewe ilipo.

Magma iliyonaswa chini ya ardhi hupoa polepole mno, na madini yake hayagandi yote kwa pamoja. Olivini na kromaiti huwa miongoni mwa yanayotangulia, kisha pairoksini, na plajioklesi nyeupe kwa kawaida hufuata. Fuwele nzito huzama. Magma inayobaki imeshapoteza sehemu ya viungo vyake, kwa hiyo kitakachoganda baadaye ni kitu kingine. Wanajiolojia Wager na Deer walieleza hivyo mwaka 1939 walipochapisha kazi yao juu ya miamba ya moto yenye matabaka ya Skaergaard, Greenland, na kwa miaka mingi wengi waliona suala limekwisha.

Mimi naona halijaisha, na ningependa usiridhike nalo upesi. Plajioklesi ina uzito unaokaribiana sana na wa magma yenyewe. Wakati mwingine ingepaswa kuelea, lakini tunaikuta imetandazwa chini. Ndiyo maana wapo wanaosema fuwele nyingi ziliota palepale sakafuni. Kromaiti nayo ina swali lake. Magma ya kawaida ina kromiamu kidogo sana, sasa tabaka zima la kromaiti tupu, lenye unene wa mita moja hivi, limetoka wapi? Jibu linalonishawishi zaidi ni kwamba magma mpya iliingia, ikachanganyika na ile ya zamani, na kwa muda mchanganyiko huo ukawa unagandisha kromaiti peke yake. Tabaka moja linahitaji magma nyingi mno kupita hapo.

Huku kwetu miamba ya namna hii ipo Kapalagulu, karibu na Ziwa Tanganyika, na Musongati, Burundi. Ila ukipata nafasi ya safari moja tu, nenda Bushveld, Afrika Kusini, kwenye mwamba mkubwa wenye umri wa miaka bilioni 2 na unene wa kilomita kadhaa. Kando ya mto Dwars, kromaiti nyeusi imelala ndani ya anothosaiti nyeupe, mwamba ulio karibu plajioklesi tupu. Nilipiga magoti pale nikafuata mstari mmoja kwa kidole. Baada ya hatua chache uligawanyika ukawa miwili, weupe ukaingia katikati, na mbele kidogo ile miwili ikaungana tena. Fuwele zinazozama tu haziwezi kuchora kitu kama hicho. Ukifika, anzia pale mstari unapogawanyika, na usiondoke kabla hujauchora daftarini.