Simu ya intaneti inakatakata jioni

Swali: Jioni watoto wako YouTube, baba yao anapandisha mapicha, nikimpigia dada Ujerumani kwa WhatsApp sauti inakatakata. Ninunue kifurushi kikubwa?

Jibu: Usilipe kwanza, dada yangu! Simu ya sauti inakula kama kilobiti 100 tu kwa sekunde, shida ni foleni, hizo picha zinajaza njia ya kutoka na sauti yako inangoja nyuma, ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 mnaanza kukatizana maneno. Simamisha bakapu, yaani huko kupandisha picha, ukiwa unaongea. Halafu kwenye setingi za ruta tafuta QoS (sehemu ya kupanga nini kipite kwanza kwenye intaneti), weka spidi ya kupandisha kama asilimia 90 ya unayopata kweli, simu ipewe kipaumbele. Ukiwa karibu na ruta tumia waifai ya 5 GHz, ila kuta inazipita kwa shida.